Sakafu na feuli (stoo) ya boti kuukuu: nunua hiki kabla ya kile

Kabla hujaenda dukani, vua viatu utembee juu ya sakafu ya boti yako ya faiba, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Kisigino kikizama kidogo, au ukigonga kwa mpini wa bisibisi ukasikia mlio mzito badala ya mkavu, jua mti wa chini umeoza. Wengi husingizia bahari. Aghalabu mkosaji ni mvua iliyolala ndani boti ikiwa imepandishwa pwani, maana ukungu unaoozesha mti hustawi kwenye maji ya mvua kuliko ya chumvi.

Kwa boti ya futi 17 hadi 20, chaguo langu la kwanza ni plaiwudi ya marini, yaani ya kutumika majini: milimita 12, au 18 pale mataruma (mbavu za boti) yalipoachana sana. Ubao mmoja ni futi 8 kwa 4. Tafuta alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi hiyo, ila muhuri hata tapeli anaweza kuugonga. Niliwahi kuuziwa "marini" iliyofunguka tabaka kama chapati kabla masika hayajaisha. Siku hizi naomba kipande cha ukubwa wa kiganja, nakichemsha kwenye sufuria saa nzima, nakianika, nakichemsha tena. Kikibaki kimeshikana, natoa pesa.

Bajeti ya epoksi, resini ya kuzuia maji yasiingie kwenye mti, iende pamoja na ya ubao. Paka pande zote mbili, kingo mara tatu, na ndani ya kila tundu la skurubu, kwa sababu maji huanzia huko. Fundi atakwambia resini ya poliesta inatosha, na kweli ni nafuu, lakini haishiki mti kama epoksi, mwisho hubanduka. Epoksi nayo huharibiwa na jua, kwa hiyo juu yake lazima rangi. Rangi ikiwa mbichi, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, wa mtoni si wa ufukweni, asije mtu akateleza kwenye utelezi wa samaki. Skurubu ziwe stenlesi ya 316. Za 304 ni rahisi zaidi, ila chumvi huzitoa madoa ya kutu.

Nafasi ya pili naipa mbao za mvule zisizogongomewa. Ni nzito na bei yake inauma, lakini unazinua ukaona ngama yote, yaani chini kabisa maji yanapokusanyika, jambo ambalo sakafu iliyofungwa haikupi. Mikeka ya povu ya kubandika ni ya tatu: miguu ya wageni huipenda, ila haiponyi sakafu iliyooza, inaificha tu. Zulia sinunui. Linakaa na maji, linanuka.

Kwenye stoo, ile ambayo wenye majahazi huiita feuli, anza na kitu cha bei ndogo kabisa: ndoo za lita 20 zenye mfuniko wa kuzungusha na mpira ndani, zikafungwa kamba chini ya benchi. Hazivuji, unashuka nazo hadi nyumbani, na boti haitobolewi hata mara moja. Zikikuelemea ndipo utengeneze sanduku la plaiwudi chini ya benchi, lenye tundu chini la kutoa maji. Majaketi okozi yakae juu, bila kufuli. Tangi la petroli usilifungie humo: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ukingoja cheche.

Vifuniko vya plastiki vya kuchomeka kwenye sakafu naviweka mwisho. Mpira wake hukakamaa kwa jua, mchanga huingia kwenye nyuzi zake za kuzungushia, na kila tundu hudhoofisha ubao uliotoka kuulipia. Ninaloruhusu ni moja tu, juu ya pampu ya ngama, pana kiasi cha mkono kuingia hadi kiwiko.