Taa za Rangi za Ukutani kwa Chumba cha Gemu: Washa Nyeupe Kwanza

Haya, tumerudi. Kabla sijasema lolote, hebu tazameni ukuta ulio nyuma yangu. Mnaona upande huu rangi imetulia, kama imepakwa kwa brashi? Halafu upande ule mnaona vinukta vimejipanga kama shanga kwenye uzi. Ukuta ni mmoja, na taa zote mbili zimeandikwa kwenye boksi "rangi milioni 16".

Tuanze na hiyo milioni 16, maana ndiyo inayowaingiza watu mjini. Ndani ya kila nukta ya LED mna vijitaa vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Kila kimoja kina ngazi 256 za mwanga. Zidisha 256 mara 256 mara 256, unapata 16,777,216. Basi, siri yote ndiyo hiyo. Ni hesabu tu, na karibu kila taa ya aina hii inaweza kuandika hivyo kwenye boksi lake, nzuri kwa mbaya. Ukikuta mtu anakuuzia taa kwa idadi ya rangi, mwulize jambo jingine.

Mimi nikitoa taa kwenye boksi, cha kwanza nawasha nyeupe. Najua mtacheka: umenunua taa ya rangi, unawashaje nyeupe? Lakini kwenye nyeupe ndiko taa hizi zinakoumbuka. Zile zenye vijitaa vitatu hazina weupe wao wenyewe, zinawasha vyote vitatu kwa pamoja na kuutegemea mchanganyiko. Mara nyingi kinachotoka ni weupe wenye ubuluu, au wenye uwaridi kwa mbali, na ngozi ya mtu mle ndani inaonekana kama anaumwa. Sasa fikiria ni muda gani unakuwa chumbani bila kucheza. Unatafuta chaja, unafagia, unasoma. Ukiona herufi RGBW kwenye boksi, ile W ya mwisho ni kitaa cha nne, na simaanishi mtaani, cha weupe halisi. Mimi hapo ndipo ningeongeza hela, kabla ya mbwembwe nyingine zote.

Cha pili: weka rangi ya chungwa, kisha shusha mwanga mpaka karibu na mwisho. Taa nzuri inabaki chungwa iliyofifia. Taa ya ovyo inakwenda kwenye kijani, au inashuka kwa kurukaruka kama mtu anateremka ngazi gizani. Na usiku, jamani, nani anacheza na taa imewashwa asilimia mia? Unacheza ikiwa kwenye asilimia 10 au 20. Lakini video nyingi za matangazo zinaonyesha taa ikiwa imewashwa mpaka mwisho.

Mkiwa hapohapo, chukueni simu, fungueni kamera, muielekeze kwenye taa iliyopunguzwa. Angalieni hii. Hiyo mistari myeusi inayotembea siyo kamera yangu kuharibika. LED nyingi hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka sana, na ikiwa kasi hiyo ni ndogo, kamera inaikamata. Kama unarekodi video au unacheza huku kamera imekuelekea, mistari hiyo itakufuata kila siku. Na wapo watu ambao taa inayopepesa hivyo inawaumiza kichwa hata kama hawaoni ikipepesa.

Tukirudi kwenye zile shanga. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo chumba kinapopendeza au kinapofanana na kibanda cha sherehe. Jicho halitakiwi kuona chanzo cha mwanga, linatakiwa kuona ukuta uliomwagiwa mwanga. Mkanda wa LED ukiubandika ukutani waziwazi, nukta zikakutazama usoni, hata uwe wa ghali kiasi gani utaonekana rahisi. Ule mzuri mnaouona upande huu ni mkanda wa kawaida wenye nukta 60 kwa mita. Nimeubandika nyuma ya ubao mwembamba, ukiangalia ukuta, na nafasi kati yake na ukuta inatosha vidole vinne. Ule wa shanga una nukta 30 kwa mita, na nimeuacha wazi makusudi mpate kuona.

Kama huna pa kuuficha, tafuta mfereji wa aluminiamu wenye kifuniko cheupe cha plastiki kama maziwa. Unasambaza mwanga, na aluminiamu inaondoa joto pia. Ipo vilevile mikanda ya COB, ambayo chembe zake zimesongamana kiasi kwamba unaona mstari mmoja mfululizo. Hiyo inaweza kukaa wazi bila aibu.

Na ukuta wenyewe una maneno yake. Rangi ya ukuta inayong'aa inarudisha kila nukta kama kioo, kwa hiyo ukificha mkanda bado utaziona kwenye ukuta. Ukuta mweusi au wa kijivu kizito unakula mwanga wote. Mweupe usiong'aa ndio rafiki. Nimeona mtu amepaka chumba kizima rangi nyeusi kisha analalamika taa zake ni dhaifu. Taa hazina kosa.

Mikanda iko ya aina mbili. Ule wa kawaida unabadilika wote kwa wakati mmoja: ukisema zambarau, wote zambarau. Ule wenye chipu kwenye nukta au kwenye vipande vyake unaweza kuwa na rangi tofauti kila sehemu, rangi zinatiririka kama maji. Mimi napenda huu wa pili, ila nikicheza nausimamisha kwenye rangi mbili tu. Mambo ya kutiririka yanachosha ndani ya siku tatu. Na kabla hujashika mkasi, soma karatasi ya maelekezo, kwa sababu baadhi ukiukata, kile kipande kilichobaki hakiwaki tena.

Umeme sasa. Mkanda wa volti 12 wenye nukta kubwa 60 kwa mita unaweza kula karibu wati 14 kwa mita. Mita 5 ni wati 70 na ushee. Geuza adapta iliyokuja nayo usome: volti 12, ampea 2, hizo ni wati 24. Unaona mwenyewe kwamba hapo kuna mtu anadanganywa. Ama taa haitafika mwanga wake, ama adapta itakuwa inachemka. Ile mikanda ya USB ya volti 5, tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa ampea nusu, yaani wati 2.5. Inatosha nyuma ya monita, haitoshi ukuta. Na ukivuta mkanda wa volti 5 kwa urefu, mwishoni weupe unageuka wekundu kwa sababu umeme unapungukia njiani. Kwa ukuta mrefu tafuta volti 24. Halafu usiujaribu ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake ukauacha unawaka. Unajipika wenyewe.

Paneli za pembesita, zile mnazoziona kwenye vyumba vya wachezaji karibu wote, ninazo pia, hapa juu. Mwanga wake ni laini, na kama ukuta wako hauna pa kuficha chochote, ndizo jibu. Shida yangu nazo ni gundi. Usiku mmoja, mida ya saa tisa, moja iliniangukia kwenye kibodi, nikadhani nimeingiliwa na mwizi. Kosa lilikuwa langu: sikufuta vumbi, na ukuta ulikuwa umepakwa rangi wiki ileile. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke, kandamiza kila moja kwa nguvu, na kama rangi ni mpya, subiri wiki kadhaa. Panga kwanza sakafuni ili usibandue bandua. Zile za kugusa kwa kidole, zisizo na programu ya simu, ni za bei nafuu zaidi, lakini ukishazibandika juu utakuwa unapanda kiti kila jioni.

Kuhusu simu na Wi-Fi: nyingi zinakubali mtandao wa gigahezi 2.4 tu. Kama ruta yako inatoa 5 peke yake, utahangaika saa nzima ukidhani taa ni mbovu. Na jaribu hili ukiwa bado na risiti: chomoa kwenye soketi, chomeka tena. Inakumbuka ilikuwa rangi gani? Mojawapo ya nilizowahi kuwa nazo ilikuwa ikirudi nyeupe kali kila umeme ukikatika, hata nikiwa nimelala.

Taa kucheza kwa mdundo wa muziki, nitapita haraka. Zenye maikrofoni zinafuata sauti yoyote, feni, kikohozi, ugomvi wa jirani. Kufuata rangi za skrini ndiko kuna maana, na njia ni tatu: programu ndani ya kompyuta, kamera inayotazama skrini kama wanavyofanya kampuni ya Govee, au kisanduku kinachopitisha HDMI, ule waya wa picha na sauti, kama cha Philips Hue. Cha HDMI ni sahihi zaidi kwa koni za gemu kama PlayStation, ila hakikisha kinapitisha kasi ya skrini yako. Kama koni inatoa 4K kwa picha 120 kwa sekunde na kisanduku kinaishia 60, umelipa ili upungukiwe.

Na kama unacheza yale ya ushindani, ambapo lazima umwone adui kwenye kivuli, nyuma ya skrini weka nyeupe iliyotulia, hafifu, ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Weupe huo ndio skrini nyingi zimepimwa nao. Ukizungusha skrini kwa zambarau, jicho linajirekebisha kwa zambarau na rangi za gemu unaziona vingine. Rangi zako ziweke kuta za pembeni.

Mimi nimebaki na nini? Mkanda wa RGBW nyuma ya ubao, nyeupe hafifu nyuma ya skrini, na paneli sita juu ya rafu. Ule wa shanga nimeuhamishia chini ya kitanda, ambako haumwoni mtu wala mtu hauoni, unamulika sakafu tu, na huko unapendeza kweli. Subirini nizime hii taa kubwa ya dari muone wenyewe.