Usukani wa Canter kutikisika baada ya kubadilisha springi za mbele: uzoefu wangu na ukaguzi wa ekseli

Kama Canter yako imetoka gereji na springi mpya za mbele, na sasa usukani unapiga mikononi, usinunue spea nyingine yoyote kabla ya kulipia ukaguzi wa ekseli. Nasema hivyo kwa sababu ukaguzi nilioufanyiwa Makambako ulimaliza tatizo ambalo spea mpya za bei kubwa hazikuligusa.

Gari langu ni Mitsubishi Canter ya tani 4, ekseli ya mbele ni ile nzima yenye kingpini (pini nene ambayo tairi hugeukia ukikata kona), juu yake springi za majani. Linabeba viazi kutoka Njombe kwenda Iringa, na mara nyingine linashuka Kitonga hadi Dar es Salaam. Kwa mizigo yetu springi za mbele huchoka mapema, na wenye lumbesa wanajua ninachosema. Majani mawili yalikatika, nikafungiwa seti mpya pande zote.

Ugonjwa ulianza hapo. Gari likiwa tupu, likikanyaga tuta au kiungo cha daraja kwenye mwendo wa 60 hivi, usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu, na hautulii mpaka upunguze mwendo karibu na kusimama. Kwenye lami laini gari linatangatanga. Ukikata kona usukani haurudi wenyewe, unaurudisha kwa mkono. Dalili hizi mbili za mwisho ndizo zilizobeba jibu, na gereji iliyofunga springi haikuziulizia hata kidogo.

Wao walisema ni balansi ya matairi. Ikafanywa. Wakasema tairodi endi, yaani viungo vya ncha za fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele, zikabadilishwa, kisha shokapu. Tairodi endi mpya zilileta nafuu ya muda: ulegevu ulipungua, mtikisiko ukapungua nao, halafu ukarudi. Mahali pa alaimenti waliweka matairi yatazamane sawa kwa mbele, wakanipa karatasi ya vipimo. Safu ya kasta, yaani kipimo cha kulala kwa kingpini, kwenye karatasi ile ilikuwa tupu.

Fundi wa Makambako alikaa muda mrefu bila kushika spana. Alianza na maswali. Linatikisika ukiwa umekanyaga breki, au hata bila breki? Likiwa tupu au na mzigo? Mwendo gani? Linaanza lenyewe au linaamshwa na tuta? Kila swali lina kazi yake. Mtikisiko unaokuja kwenye breki tu unampeleka kwenye dramu. Unaokuja kwenye mwendo fulani, tuseme kati ya 80 na 90, ukaisha ukiupita mwendo huo, unampeleka kwenye balansi, tairi lenye uvimbe au rimu iliyopinda. Ule unaoamshwa na tuta na kukataa kuisha unampeleka kwenye viungo vilivyolegea au kwenye kasta.

Kisha, matairi yakiwa chini na injini ikiunguruma, utingo wangu alichezesha usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, fundi akiwa chini ya gari ameshika kiungo kimoja baada ya kingine: mkono wa stelingi boksi, dragilinki (fimbo inayotoka kwenye mkono huo kwenda kwenye tairi), tairodi endi. Kiungo kilichokufa unakisikia kwa vidole kabla hujakiona kwa macho. Vyote vilikuwa vizima.

Ndipo akapiga jeki chini ya ekseli, akashika tairi juu na chini akalitikisa. Upande wa kushoto kulikuwa na mchezo mdogo. Hapa nilijifunza jambo ambalo kila dereva anapaswa kulijua. Akamwambia utingo akanyage breki, akatikisa tena, mchezo ukapotea. "Hiyo ni beringi ya tairi, kaka. Ingekuwa kingpini, mchezo ungebaki hata ukikanyaga breki." Beringi ikakazwa kwa kipimo chake, bila kununua kitu.

Lakini beringi ile ilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa kati ya springi na ekseli. Pale hukaa kabari, bamba jembamba upande mmoja na nene upande wa pili, linaloilaza kingpini kidogo kuelekea nyuma kwa juu. Kulala huko ndiko kasta, na ndiko kunakofanya matairi yajinyooshe yenyewe, kama baiskeli inavyojinyoosha kwa sababu uma wake umelala. Kwenye gari langu, ambalo springi hukaa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari unatakiwa uelekee nyuma. Zangu zilifungwa zikitazama mbele, pande zote mbili. Hasara yake ni maradufu: kabari ya nyuzi 2 ikigeuzwa, unapoteza zile 2 ilizokuwa inakupa na inakuondolea 2 nyingine, jumla 4. Alipoweka kipimo cha pembe kwenye ekseli, kasta ilikuwa karibu na sifuri. Ekseli ya namna hii haina pa kurekebishia kasta kwa spana, ndiyo maana watu wa alaimenti wengi huiruka.

Akazigeuza kabari, akafunga yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli (alikataa kabisa kurudisha za zamani, kwa kuwa zikishavutwa mara moja hazishiki tena vilevile), akakaza kwa msalaba. Akasisitiza nirudi baada ya safari moja yenye mzigo zikazwe upya, kwa sababu majani mapya hujikalisha. Niliporudi, nati zilikubali kuzunguka kidogo, kwa hiyo sharti lile si la kupuuza. Baada ya hapo nikapelekwa kupima alaimenti upya, kwani kasta ikibadilika vipimo vingine navyo huhama.

Sasa gari linapita matuta ya Mafinga likiwa tupu na usukani umetulia. Ukitoka kwenye kona unaurudisha kwa kuuachia tu.

Ada ya ukaguzi ilikuwa shilingi 40,000, na inakatwa kwenye bili ukitengenezea kwao. Kwangu hiyo ni haki kabisa. Kasoro zipo: foleni ni ndefu, hawauzi spea, kwa hiyo yubolti unazitafuta mwenyewe mjini, na mashine ya alaimenti hawana. Ukienda, fika asubuhi na gari likiwa tupu, uende na mtu wa kushika usukani, na ubebe karatasi ya vipimo uliyopewa kwingine, maana ndiyo kitu cha kwanza watakachokuomba.