Ukaguzi wa bei wa siri Dar es Salaam: supamaketi unalipa, Kariakoo unahitaji mkataba mwingine

Kampuni zinazotuma wateja wa siri madukani zinauza kitu kimoja: bei ambayo mnunuzi wa kawaida anatozwa kweli, pamoja na ushahidi wake. Mwenye kiwanda cha sabuni anataka kujua kama bei aliyopendekeza inafuatwa. Mwenye supamaketi anataka kujua jirani yake anauza mafuta ya lita 5 kwa shilingi ngapi. Tathmini hii inaangalia huduma yenyewe jinsi inavyotolewa Dar, na hatutaji kampuni yoyote, kwa sababu udhaifu mkubwa ni wa mfumo mzima: fomu ile ile inapelekwa supamaketi ya Masaki, duka la Mangi (duka dogo la mtaani) Tandale na fremu (chumba cha biashara) ya Kariakoo. Hizo ni biashara tatu, na bei ya kila moja ina tabia yake.

Supamaketi ndiko huduma hii inakostahili pesa yake. Bei ni moja kwa kila anayeingia, imeandikwa, na keshia anatoa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi). Kazi ya mteja wa siri ni kukamata pengo kati ya lebo ya rafu na bei inayosomwa na mashine. Pengo hilo huzaliwa kirahisi. Bei mpya inaingizwa kwenye kompyuta ya ofisi usiku, halafu lebo za karatasi zinasubiri mfanyakazi ambaye asubuhi hiyo anapanga pia mizigo. Au ofa imeisha Jumapili, kibandiko chekundu kimebaki hadi Jumatano. Picha ya rafu peke yake haioni kosa hilo, na risiti peke yake haioni. Lazima viwepo vyote viwili, na bidhaa yenyewe inunuliwe. Mkataba unaosema "kuangalia tu, bila kununua" ni nafuu, lakini unachopata hapo ni orodha ya lebo.

Risiti ya EFD ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Ina TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji, tarehe, saa na namba ya uhakiki, na mteja wa huduma anaweza kuihakiki mwenyewe kwenye ukurasa wa TRA (Mamlaka ya Mapato) bila kutoka ofisini. Ripoti ya kubuniwa mezani haipiti hapo kirahisi. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, karatasi yake ni ya joto: ikikaa kwenye pochi au juu ya dashibodi ya gari maandishi yanafifia, kwa hiyo ipigwe picha siku hiyo hiyo, ikiwa imelazwa bapa, kuanzia juu hadi chini. Pili, majina ya bidhaa kwenye risiti hukatwa. "Unga ngano" inaweza kuwa kilo 1 au 2, ya kampuni hii au ile. Bidhaa zinazofanana zinunuliwe kwa risiti tofauti.

Dawa ya mkanganyiko huo ni namba ya msimbopau (barcode). Ile ya kawaida ina tarakimu 13, na inayoanza na 620 imesajiliwa Tanzania (mahali pa usajili, si lazima iwe mahali pa kutengenezwa). Tarakimu ya mwisho ni ya kujikagua: tarakimu 12 za mwanzo unazizidisha kwa 1 na 3 kwa kupokezana kuanzia kushoto, unajumlisha, na tarakimu ya mwisho ndiyo inayokamilisha jumla hadi kumi inayofuata. Fomu nzuri inafanya hesabu hiyo yenyewe na kukataa namba iliyoandikwa vibaya. Fomu nyingine inapokea chochote, na huko ndiko bei ya mililita 500 inapoishia kwenye mstari wa lita 1. Msimbo unaoanza na 2 kwa kawaida ni wa duka lenyewe, kama kwenye nyama au jibini iliyopimwa pale pale. Usiutumie kulinganisha maduka.

Usiri ndani ya supamaketi unavunjwa na simu. Mlinzi anamwona mtu anayepiga picha rafu kumi mfululizo, anamfuata, na kazi inaishia hapo. Anayejua kazi anashika toroli, anaweka vitu vichache vya kweli ndani, anapiga picha mbili au tatu kama mtu anayemtumia ndugu yake aulize "hii ndiyo uliyosema?", na bei nyingine anazisema kwa sauti ya chini kwenye ujumbe wa sauti akiwa na spika za masikioni. Kichwa peke yake hakifai zaidi ya bidhaa tano au sita. Baada ya hapo tarakimu zinaanza kuhama kutoka bidhaa moja kwenda nyingine. Orodha ya bidhaa 40 kwa ziara moja, ambayo baadhi ya kampuni zinaikubali bila kusita, inalazimisha mtu ama ajulikane ama akisie. Zigawanywe kwa watu wawili na siku mbili.

Maduka ya mitaani yana shida nyingine, na hapa huduma ni ya wastani. Mengi hayana lebo, na si yote yana EFD. Bei inatamkwa kwa kipimo kidogo: robo ya sukari, nusu lita ya mafuta ya kupima, sabuni ya kipande. Tuseme robo kilo ya sukari ni shilingi 800 na kilo nzima ni 3,000. Anayenunua robo nne amelipa 3,200. Zote mbili ni bei sahihi za duka hilo, na ripoti yenye safu moja tu ya "bei ya sukari" imeficha jambo ambalo mwenye bidhaa alilipa alijue. Hivyo hivyo kwa chupa: mafuta ya mililita 900 kwa shilingi 5,400 ni sawa na 6,000 kwa lita, ghali kuliko chupa ya lita kamili ya 5,800 iliyo pembeni yake. Dai safu tatu: kiasi kilichonunuliwa, pesa iliyolipwa, na bei kwa kilo au lita iliyopigiwa hesabu na fomu.

Pasipo na risiti, malipo ya simu kwa lipa namba ya duka ni ushahidi mzuri. Ujumbe unaonyesha jina la biashara, kiasi na saa. Lakini unaonyesha jumla tu, kwa hiyo bidhaa moja, malipo moja. Na upande wa pili muuzaji naye anaona jina la aliyelipa. Mkaguzi (huyo mteja wa siri) yule yule akirudi kila Jumanne na jina lile lile, baada ya wiki chache atasalimiwa "karibu tena bosi", na bei atakayopewa itakuwa ya mteja wa kudumu. Wakaguzi wabadilishwe.

Kariakoo ndiko pesa nyingi inapotea. Bei ya Kariakoo inapatikana kwa mazungumzo, na mazungumzo yana hatua. Mkaguzi hajafika dukani, winga (dalali anayewapeleka wateja madukani) ameshamdaka mtaa wa Msimbazi: "Mama karibu, unatafuta nini? Njoo nikupeleke." Akikubali, bei atakayoisikia ina cha juu (nyongeza) cha winga ndani yake, na mwenye fremu anaweza hata asiijue. Akiingia mwenyewe, anaambiwa elfu kumi na tano. Akiuliza mwisho, elfu kumi na tatu. Akisema anachukua dazani, hesabu inaanza upya. Na swali la na risiti au bila risiti likiingia, kuna bei nyingine tena. Fomu inayouliza "Bei ni shilingi ngapi?" inapokea mojawapo ya namba hizo kwa bahati, halafu mchambuzi ofisini anaandika kwamba duka A ni ghali kuliko duka B. Alicholinganisha ni ukakamavu wa wakaguzi wawili.

Ukaguzi wa maana Kariakoo unaandika namba tatu kwa kila bidhaa: bei ya kwanza kutamkwa, bei ya mwisho, na iliyolipwa. Unaandika kama winga alihusika, kiasi kilichoulizwa (kimoja, dazani, katoni), na kama VAT (kodi ya ongezeko la thamani) imo. Hili la VAT haliepukiki kwenye biashara ya jumla: mzigo uliotajwa kwa 100,000 "kabla ya VAT" ni 118,000 kwenye risiti, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Mkaguzi achukue bei yenye risiti siku zote. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" inamhusu na yeye.

Maneno ya kuulizia nayo yawe yamepangwa, sawa kwa wote: "Bosi, hii bei gani?", halafu "mwisho?", halafu "nikichukua dazani?" Asiongeze la nne. Anayeanza kutaja bei ya duka la jirani amegeuza ukaguzi kuwa biashara, na anayechungulia nyuma ya bidhaa akisoma namba za msimbo atadhaniwa ni wa TRA au wa FCC (Tume ya Ushindani). Mlango unaweza kufungwa hapo hapo. Kila duka liendewe na watu watatu wasiofanana, kwa umri, jinsia na mavazi, saa tofauti, na ichukuliwe namba ya katikati. Wastani unavurugwa na mmoja aliyepewa bei ya mgeni.

Anwani ni tatizo jingine la huko. Ramani ya simu ndani ya ghorofa hukosea, na fremu nyingi hazina bango. Pini peke yake inaweza kuangukia duka la pembeni. Andika mtaa (Kongo, Aggrey, Likoma, Sikukuu), jina la jengo, ghorofa, namba ya fremu, na picha ya nje iliyopigwa kutoka ng'ambo ya barabara bila sura za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na uso wa muuza duka hauhitajiki kwenye ripoti ya bei.

Kwa petroli usinunue huduma hii kabisa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na vituo vinatakiwa kuziweka kwenye mabango. Ukiwa na shaka na kipimo cha pampu, hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

Ratiba nayo iandikwe kwenye mkataba. Maduka yanayolinganishwa yakaguliwe ndani ya saa 48, la sivyo unalinganisha wiki mbili tofauti. Siku za mshahara na wiki ya kuelekea Ramadhani, sukari, tambi, tende na unga wa ngano zisomwe peke yake, zisichanganywe na wastani wa mwezi. Bidhaa isiyokuwepo rafuni iandikwe "haipo". Tumeona ripoti zinazojaza bei ya mwezi uliopita penye pengo, na hilo ni kosa la kuvunja mkataba, kwa sababu bidhaa iliyoisha ndiyo mara nyingi inayokaribia kupanda bei.

Kabla ya kulipa, omba ripoti ghafi moja, yenye picha na risiti zake, na urudishe mtu wako kwenye duka moja kati ya kila kumi siku hiyo hiyo. Uliza pia wateja wengine wa kampuni hiyo ni akina nani. Kuangalia bei ya mshindani ni halali, ila washindani kukaa pamoja na kupanga bei kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2003, na kampuni inayouza jedwali moja kwa mahasimu watano inakusogeza karibu na mstari huo. Mkaguzi asijifanye ofisa wa serikali wala asiingie stoo.

Mwisho, uliza mkaguzi analipwaje. Anayelipwa kwa idadi ya fomu, na anayenunua bidhaa kwa pesa yake akisubiri kurudishiwa mwezi ujao, ataruka ununuzi na kuandika bei ya lebo. Kampuni nzuri inatuma pesa ya manunuzi na nauli kabla ya safari, na inalipa ziara hata pale mlinzi alipomtoa nje, maadamu imeripotiwa hivyo. Na kwa wanaotafuta kazi hii: anayekutaka utume "ada ya usajili" kwa simu ndipo upewe maduka, usimtumie hata shilingi mia.