Kwenda Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi: uzoefu wangu wa usafiri, maji na chakula

Safari ya Mbudya, kisiwa kilicho mbele ya fukwe za kaskazini mwa Dar es Salaam, hufana au kuharibika kabla hata hujapanda boti, na kinachoamua ni maji ya bahari, yaani kujaa na kupwa kwake. Ndiyo maana naanza na maji. Bei na chakula vitafuata.

Watu wengi wa Dar huchagua siku ya kwenda kisiwani kwa kuangalia nani hayupo kazini. Angalia na mwezi pia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, yaani maji makubwa. Siku hizo bahari yetu hujaa sana mida ya saa 10 hadi saa 11, alfajiri na jioni, kisha hupwa mida ya saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Ukifika ufukweni asubuhi hiyo unakuta maji yamekimbia, boti imetia nanga mbali, na nyie mnaifuata kwa miguu juu ya mchanga mzito na majani ya bahari, mtoto begani na boksi la vinywaji kichwani. Kisiwani nako matumbawe yanakuwa karibu na uso wa maji kiasi kwamba anayeogelea na miwani anajichubua magoti na kuyavunja matumbawe yenyewe.

Mwezi ukiwa nusu, yaani siku za maji mafu, mambo yanageuka. Maji yanajaa mida ya saa 4 asubuhi na hata yakipwa hayaendi mbali. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anacho kipimo tayari: bamvua huzunguka tarehe 1 na 15, maji mafu tarehe 8 na 22. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa familia yenye watoto wadogo nachagua maji mafu bila kusita. Kwa vijana wanaotaka kuogelea jioni, bamvua inafaa, mradi wakubali kwamba maji ya maana yataanza kurudi mchana.

Kufika ni rahisi. Kutoka Mwenge panda daladala la Tegeta au Bunju. Shuka Africana kama boti yako inaondokea kwenye fukwe za hoteli, au Mtongani kama unaingia Kunduchi yenyewe, kisha chukua bajaji. Jumamosi, Jumapili na sikukuu, uwe ufukweni saa 3 asubuhi. Ukichelewa, vibanda vya makuti vyenye kivuli kizuri vinakuwa vimeshachukuliwa.

Boti zenyewe ni za faiba, zenye injini ya kuning'inia nyuma, na safari ni ya dakika 15 hadi 20 bahari ikiwa tulivu. Huduma niliyoipenda zaidi ilikuwa na vitu vitatu ambavyo sasa navitazama kwenye kila boti. Laifu jaketi zilikuwa za saizi tofauti, na vifungo vyote vya mikanda vilikuwa vinafunga. Nahodha alivaa mkononi ile kamba nyekundu iliyojikunja kama springi, inayozima injini akianguka majini. Na alikuwa na tangi la pili la petroli. Boti nyingine niliyopanda ilikuwa na jaketi za rangi nzuri tu: sponji ndani zimekauka, ukiiminya hairudi, na mikanda miwili kati ya mitatu imekatika. Jaketi ya namna hiyo usiikubali hata kama safari ni fupi.

Namna ya kuipima ni hii. Vaa, kaza mikanda yote, kisha mwenzako aishike mabegani na kuivuta juu. Ikipanda hadi kufunika kidevu, ni kubwa kwako, na majini itakuvuka. Ya mtoto iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Bila huo jaketi inapanda usoni na mtoto anabaki chini yake. Kuhusu wingi wa watu, kipimo changu ni mkono: ukikaa ukingoni na kiganja kikagusa maji bila kuinama, abiria wamezidi. Shuka, usubiri boti inayofuata. TASAC ndio wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, kwa hiyo kumuuliza nahodha cheti cha chombo ni haki yako, na nahodha makini hakasiriki.

Malipo yana sehemu mbili na hapo ndipo watu hugombana. Kuna nauli ya boti na kuna kiingilio cha hifadhi. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, na kiingilio chake ni cha serikali, hakimhusu mwenye boti. Uliza mapema: "Hiyo bei ni pamoja na kiingilio?" Kisha uliza kama nauli ni ya kwenda na kurudi, na kama ni ya kila mtu au ya boti nzima. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA, na udai risiti. Nauli ilipe nusu wakati wa kwenda, nusu ukirudishwa. Aliyelipwa yote asubuhi hana haraka ya kukufuata jioni, na hilo limewakuta wengi.

Muda wa kurudi panga kabla hujashuka, na uchukue namba ya simu ya nahodha, siyo ya kijana aliyekukatia nafasi ufukweni. Mimi husema saa 10 alasiri. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo huzidi nguvu mchana. Asubuhi unavuka kama uko bwawani, alasiri unarudi umelowa hadi kwenye nywele. Kaa nyuma karibu na injini, kwa sababu mbele ndiko boti inakopigapiga, na mwenye mgongo mbovu atalala na maumivu. Simu na fedha viwe kwenye mfuko usiopitisha maji, siyo mfukoni mwa kaptula: hakuna gati, unashuka majini, na wimbi moja tu linatosha kukufikia kiunoni.

Chakula kisiwani nakipa sifa zake. Samaki wa kuchoma na chipsi, wakati mwingine ngisi au pweza, kwenye jiko la mkaa. Agiza ukifika tu, kabla ya kuvaa nguo za kuogelea au kutafuta kivuli, kwani wakijaa watu unaweza kusubiri zaidi ya saa nzima. Nenda ukamchague samaki mwenyewe. Jicho liwe limejaa na linang'aa, matamvua yawe mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Kubalianeni bei ya huyo samaki uliyemshika, pamoja na chipsi na kachumbari, kabla hajaingia motoni. Changu wa wastani anatosha watu wawili. Maji ya kunywa beba kutoka bara, angalau lita 2 kwa kila mtu, maana kisiwa hakina kisima na vinywaji vya pale vina gharama ya kuvushwa ndani yake. Beba na karatasi za chooni.

Miguuni vaa yeboyebo au raba za zamani, hata majini. Kwenye miamba kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyayo. Usiufukue kwa pini. Loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, toa vipande vinavyoonekana kwa kibano, na ukiona uvimbe nenda zahanati. Miwani ya kukodi ijaribu nchi kavu: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi puani. Ikidondoka, itaingiza maji. Nywele zilizonaswa chini ya mpira na sharubu nene ndizo sababu za kawaida za kuvuja.

Makombe na matumbawe yaache palepale, hata yaliyokufa, hairuhusiwi kuyachukua. Takataka zako rudi nazo bara, kwa sababu kila chupa inayobaki pale lazima ivushwe na mtu, na isipovushwa inaishia baharini.

Wanaokaa Masaki na Msasani huniuliza kama Bongoyo, kisiwa jirani, inafaa badala yake. Inafaa, boti zake zimezoea kuondokea Slipway, safari ni ndefu kidogo, nusu saa hivi, na masharti ya maji ni yaleyale. Masika, Machi hadi Mei, mimi siendi kote kuwili kwa ajili ya kuogelea na miwani: mito ikishamwaga tope baharini huoni hata vidole vyako.