Uzoefu wangu na seti ya kupima PKA kwa rangi ya pinki (kitana weka KATIKATI)

Nimeitumia hii seti muhula mzima kwenye project yangu ya masters so naongea kama mtu aliyeishika, sio aliyesoma brosha. Kazi yake ni kupima kama kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini) inayoitwa PKA iko hai, na raha yake majibu unayaona kwa macho yako, hakuna ATP (molekuli inayotoa hiyo fosfeti) yenye mionzi wala kubembeleza watu wa usalama.

Ndani kuna kipeptidi (kipande kifupi cha protini) cha amino asidi 7 tu, LRRASLG, kila herufi ni amino asidi moja, kimefungwa rangi ya pinki. Zile R mbili ni arginini, zina chaji chanya, na PKA kwenye mfuko wake ina glutameti zenye chaji hasi zinazozidaka hizo R kama sumaku, halafu ile L (lusini) inayokuja baada ya S (serini) inazama kwenye kishimo kisichopenda maji, hapo serini inakuwa imekaa sawasawa mbele ya ATP, fosfeti ya mwisho inachomoka inahamia kwake, basi. Yaani haitazami serini peke yake, inatazama majirani zake. Protini zina serini kibao ila nyingi PKA inazipita kama haijaziona.

Sasa ujanja wa seti ndo huu: kabla ya fosfeti kipeptidi kina chaji +1, kikibandikwa inakuwa -1, so ukipitisha umeme kwenye jeli ya agarosi kisichoguswa kinakimbilia hasi na chenye fosfeti kinakimbilia chanya. Mimi kwa mazoea ya DNA nikaweka kitana (kile kinachoacha vishimo vya kutilia sampuli) mwisho kabisa wa jeli, weee, nusu ya pinki yangu ikatokea kwa nyuma ikaishia kwenye bafa, nimebaki naikodolea macho. Maelekezo yalisema katikati, ni mimi sikusoma.

Nikaja kusaga maini ya kuku ya sokoni nipime PKA yake. Nimetia cAMP, molekuli ya ishara inayoiamsha PKA, ya kutosha (bila hiyo PKA inakuwa imekaliwa na protini wenzake za kuidhibiti, haifanyi kitu) lakini mstari wa fosfeti hafifuu, nikajua kinasi imekufa njiani. Kumbe kwenye maini kuna fosfatezi, hao kazi yao kubandua kilichobandikwa! Nikaongeza vizuizi vya fosfatezi, kila kitu juu ya barafu, mstari ukakoza. Nilipotia PKI, kizuizi cha PKA, ukapotea kabisa, na hii PKI naipenda sana, inajifanya mlengwa, arginini zake zipo vizuri, ila pale penye serini kuna alanini, kwa hiyo inaukalia mfuko na fosfeti haina pa kushika.

Bei imechangamka, hilo niseme. Pia isikudanganye: kipeptidi kinachoelea kwenye tyubu hakikwambii PKA ndani ya seli inampata vipi mlengwa wake, maana kule kuna protini za AKAP zinazoishikilia PKA sehemu maalum, na mlengwa anayekaa jirani ndo anafikiwa kwanza hata kama kuna wengine wenye R zao mbali huko. Hilo jeli haioneshi. Ila kumfundisha mtu wa mwaka wa pili kinasi inasomaje mlengwa, nyota tano, nusu saa kwenye nyuzi 30, unachemsha kuisimamisha rieksheni, dakika kama 15 kwenye jeli umemaliza.

Zimebaki rieksheni nane kwenye friza, nimeziandikia jina langu kwa maka nyekundu na bado kuna mtu ameshafungua boksi.