Wapishi wa sendofu yetu, siku Jangwani ilipofungwa

Naandika kama mweka hazina wa kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, yaani mtu aliyezihesabu shilingi zote za michango na asiye na sababu ya kumsifia mtu bure. Jina la wapishi silitaji humu; wakiona habari ya kanga watajijua.

Tuliwapa chakula na mapambo ya sendofu ya binti wa dada yangu: wageni 220, ukumbi wa Magomeni, sh 22,000 kwa sahani, mapambo mbali. Kwenye kikao cha tatu nilipinga. Kulikuwa na wenzao wa sh 18,000, na picha za mapambo yao zilikuwa zinang'aa kuliko hizi. Nikashindwa kwa kura, nikanuna mpaka siku yenyewe.

Jumamosi hiyo ya Novemba mvua ilianza saa nane mchana. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa zaidi. Saa kumi barabara ya bonde la Jangwani, inayounganisha Magomeni na katikati ya jiji, imefungwa kwa maji, mabasi ya mwendokasi yamesimama, na wengi wanaotoka Ilala, Kariakoo au Upanga wanazungukia daraja la Salender. Gari la chakula lilikuwa Ilala. Bibi harusi alikuwa saluni Kinondoni, mwendo wa dakika chache siku za kawaida, sasa amebanwa katikati ya magari yote yaliyoikimbia Jangwani.

Saa 12 jioni, muda ulioandikwa kwenye kadi, tulikuwa watu kama sitini tunatazamana na viti vitupu. Umeme ukakatika. Jenereta la ukumbi (la ukumbi, si lao) likakohoa mara mbili likanyamaza. Na hapo hapo kosta ya wakwe kutoka Moshi ikaingia getini. Safari nzima ya kutoka Kilimanjaro, halafu wao ndio wamewahi! Nilitamani ardhi inimeze.

Msimamizi wao, dada mfupi aliyevaa raba za mazoezi chini ya sare, alinijia na swali moja: "Mama, zile kanga za wakwe ziko wapi?"

Tulikuwa tumenunua doti kumi za kuwatandikia wamama wa upande wa bwana harusi wapite juu yake. Nikamwambia nje kote ni tope. Akasema, "Ndiyo maana hatuzitandiki." Akawagawia mashangazi, akawapanga na miavuli hadi mlangoni mwa kosta, na kila mama aliyeshuka akafungwa kanga mabegani kwa vigelegele. Kumbe kosta ilikuwa inavuja madirishani, wenzetu wamelowa na wanatetemeka. Nimehudhuria sendofu nyingi za kanga kukanyagwa, lakini sijawahi kuona mkwe akilia mlangoni.

Vijana wake waliotangulia kupanga meza wakakodi majiko mawili ya mkaa kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara. Haukupita muda chai ya tangawizi ikazunguka, na maandazi na karanga. Taa? Alikuwa nazo sita za kuchaji ndani ya boksi, maana anasema hajawahi kuuamini umeme wa ukumbi wowote.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Akaondoa meza zote za nyuma, akatusogeza mbele tukaonekana tumejaa, akamwita hata dereva wa kosta aje kukaa. MC hana kipaza sauti, akamwambia apite meza kwa meza, wazee wajitambulishe wenyewe badala ya kusomewa ile orodha inayolaza watu. Ndipo mjomba wetu na baba mkubwa wa bwana harusi wakagundua wote wawili walipita kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya Mafinga. Basi. Wakaanza kuimba nyimbo za mchakamchaka, na wengine waliokuwa na umri wao wakaitikia. Bibi harusi alipofika saa mbili, amefura kwa hasira za foleni, alikuta ukumbi unacheka.

Chakula kilifika saa mbili na nusu, umeme saa tatu. Waliokwama barabarani waliendelea kuingia hadi saa nne, na kila mmoja alikuta sahani ya moto. Yule dada msimamizi alikuwa ametenga sahani 40 kabla hajafungua mstari wa chakula. Anayejua sherehe zetu anajua mgeni wa kuchelewa huwa anakuta masufuria yakioshwa.

Kasoro zipo. Pilau ilikuwa imekauka kwa kukaa njiani. Kachumbari iliisha kabla ya meza ya kamati, na hilo bado linaniuma. Maua ya jukwaani yalikuwa ya plastiki wakati tulikubaliana freshi, na nimewakata pesa kwa hilo. Nawapa nyota nne.

Wiki iliyofuata wakaleta risiti ya chai na mkaa, sh 38,000, nje ya mkataba. Kwenye kikao cha kuvunja kamati bwana mmoja akaanza kuuliza kwa nini tulipe kitu ambacho hatukuagiza. Nilikuwa nimeshalipa. Kuhusu kanga, zimerudi doti tatu tu. Mama mkwe kaondoka na ya kwake hadi Moshi, na hakuna aliyethubutu kuidai.