Miezi minne na kijibodi cha kunusa umeme wa intakomu

Nilishuka basi Nyegezi, hapa Mwanza, saa tano usiku, nikachukua bajaji mpaka Isamilo, nikalisukuma geti la ghorofa letu kwa bega huku mkono ukisaka funguo ndani ya mkoba. Likafunguka. Halikulia wala halikugoma, lilifunguka tu kama mlango wa banda la kuku. Juu huko taa za vyumbani zinawaka, televisheni ya jirani inasikika mpaka barabarani, na katika nyumba zote nane hakuna aliyejua kwamba geti liko wazi.

Chanzo kilikuwa luku ya ngazi. Kila mpangaji ana luku yake, ila taa za ngazi na intakomu, ile simu ya ukutani ya kuongea na aliye getini na kumfungulia, viko kwenye luku ya pamoja tunayoinunulia umeme kwa zamu, na wa zamu alikuwa amesahau. Ngazi zilikuwa giza, kweli, lakini balbu za kwetu huungua kila wiki, nani ashtuke? Geti linashikwa na kufuli ya sumaku, na sumaku ya namna hii hushika umeme ukiwepo tu. Umeme ukiisha inaachia, imetengenezwa hivyo ili moto ukizuka watu wasinaswe ndani. Kabatini chini ya ngazi kuna betri ya akiba, ile ya volti 12, lakini ilikuwa imeshazeeka. Ilijikaza kwa saa chache, ikalala. Mlinzi tulikuwa tumemwachisha siku tulipofunga intakomu. Tulijiona wajanja.

Kesho yake nilikwenda mjini, maduka ya jirani na Makoroboi, nikanunua kengele ya kukatika umeme kwa shilingi 55,000. Ni kidude cha kuchomeka ukutani chenye laini ya simu ndani. Umeme ukikatika kinakutumia meseji. Msinicheke: nilikichomeka sebuleni kwangu. Sebule yangu ina luku yangu! Kingenitumia meseji nikiwa nimekaa gizani ninajionea mwenyewe. Baada ya siku mbili akili ikanirudia, nikakihamishia kwenye soketi ya kabati la ngazi.

Hapo kilifanya kazi vizuri, mpaka adapta ya intakomu ilipoungua. Soketi ina umeme, kidude kinatabasamu na taa yake ya kijani, waya wa intakomu umekufa. Mgeni wangu aliyetoka Sengerema alibonyeza kitufe cha nyumba yangu mpaka akachoka, na alipoliegemea geti likamfungukia. Aliingia akanikuta jikoni. Nilishtuka kuliko yeye.

Ndipo nikamtafuta kijana fundi wa redio na simu niliyeelekezwa na dada wa saluni. Alifungua kifuniko cha simu ya ukutani, akagusisha nyaya za mita yake. Volti 12 na kitu. Akanyanyua mkono wa simu, zikashuka hadi 6 hivi. Akabonyeza kitufe cha kufungua geti, kwa kama sekunde moja zikabaki karibu na sifuri. Akaandika namba zote tatu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Nilimwamini kwa hilo tu.

Alichonitengenezea ni bodi ya ESP8266, ile ndogo yenye waifai, pamoja na optokapla PC817. Optokapla ni kidude cheusi cha miguu minne, si kikubwa kuliko punje ya mahindi. Upande mmoja ndani yake kuna kitaa, upande wa pili kuna kama jicho. Waya wa intakomu ukiwa na umeme kitaa kinawaka na jicho linaona. Umeme ukiondoka jicho linaona giza na bodi inanitumia ujumbe. Katikati hakuna waya unaovuka, ni mwanga tu, kwa hiyo umeme wa ghorofa na umeme wa nyumba yangu havikutani. Tunaoishi na radi za usiku zinazotoka ziwani tunaijua thamani ya hilo, ingawa fundi alinionya kwamba radi ikipiga nyumba yenyewe hakuna kidude cha kuizuia.

Bodi inakula chaja ya simu kwenye luku yangu, na fundi aliweka betri ya lithiamu pembeni. Rauta nayo nimeinunulia yuniti yake ndogo ya akiba. Kifaa cha kutangaza kifo cha waya hakiwezi kunyonya huo huo waya unaokufa.

Sasa lile kosa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Fundi alitoa rezista, kile kidude cha kubana umeme unaopita, ya kwanza aliyoikuta mfukoni, ya omu 1,000, akaunganisha, kitaa kikawaka safi tukafurahi. Dakika kumi hazijaisha, mzee wa ghorofa ya kwanza huyo mlangoni. "Mwangaluka, mwanangu. Geti limekuwa bubu, kijana wa maziwa anabonyeza hapati mtu. Mnafanya nini huku juu?" Paneli ya getini ilidhani mkono wa simu yangu umenyanyuliwa, ikakataa kuita nyumba nyingine yoyote. Rezista ile ilikuwa inavuta miliampea kama 11, na waya ni wetu sote. Fundi aliomba radhi, akaweka ya omu 10,000. Uvutaji ukashuka hadi miliampea moja hivi, na paneli haikujua tena kama tupo. Ukienda kwa fundi wako, kagua hapo kabla hajaondoka: abonyeze nyumba ya mwenzako, siyo ya kwako. Na majirani waambie mapema. Mimi sikuwaambia, nikaishia kujieleza ngazini kwa wiki nzima.

Kazi na vifaa vyote nililipa shilingi 80,000. Wiki ya kwanza nilikuwa napata ujumbe kila mtu akifunguliwa geti, kwa sababu ya ile sekunde ya sifuri. Fundi alirudi bila malipo, akakiambia kijibodi kisubiri sekunde 30 kabla ya kulalamika. Tangu hapo hakijanidanganya ila mara moja, rauta ilipojizima na kujiwasha.

Kasoro yake kubwa niliigundua mwezi wa pili. Luku ya ngazi iliisha saa nane mchana, na kijibodi kikaniambia saa tatu usiku. Nilimpigia fundi kwa hasira. "Dada, betri si ilikuwa inashika? Waya ulikuwa na umeme muda wote huo." Ni kweli. Optokapla inajua kuna na hakuna, haijui kwamba kilichopo ni pumzi ya mwisho ya betri, na ikisema hakuna, sumaku imeshaachia geti. Kile kidude cha 55,000 nilichokuwa nimekitupa kwenye droo nilikirudisha kabatini jioni ile ile. Kimoja kinaangalia soketi, kingine kinaangalia waya. Kama mfuko wako unaruhusu kimoja tu, na betri ya jengo lenu ni nzima, anza na cha soketi. Kama betri imekufa au adapta yenu ni za kuungua ungua, chukua cha waya. Betri ya kwetu tulichangishana, tukanunua mpya.

Juzi nilikuwa Mwaloni Kirumba napimiwa dagaa, meseji ikaingia: soketi ya kabati haina umeme. Nikanunua umeme kwa simu hapo hapo, nikamtumia mzee wa ghorofa ya kwanza zile namba 20. Akanipigia. Miwani hajui ameiweka wapi, nimsomee. Nikasoma katikati ya kelele za soko, tarakimu nne nne, na yeye anarudia kila moja: "Tatu au nane, mwanangu?" Muuza dagaa amesimama na kopo hewani ananisubiri. Tulikosea mara mbili, ya tatu ikakubali. Kijibodi siku hiyo hakikusema neno.